Mwenye Wivu Atutazame, Chaneli 214

Kuna kanga moja ya rangi ya chungwa, yenye michoro ya korosho nyeusi pembeni, ambayo nikiiona mtaani nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Nimeiona Tandika imembeba mtoto mgongoni. Nimeiona Mbagala imefunika ndoo ya maandazi. Siku moja niliiona Chang'ombe imetundikwa kuwa pazia la kinyozi, ikabidi nitafute kinyozi mwingine na nywele zangu nusu zimeshanyolewa. Wanaoivaa hawanijui wala hawana ubaya na mie. Kinachoniinamisha ni yale maandishi ya chini, yaliyochapwa kwa herufi za kujigamba: MWENYE WIVU ATUTAZAME CHANELI 214.

Kanga ile ilichapwa kwa sababu yangu.

Mie ni msomi wa usiku. Wenzangu walisoma na jua, mie nilisoma na popo, na nilianza nikiwa nimeshaota ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia. Aliyenisomesha ni mama yangu mdogo wa Kigamboni, mpambaji wa maharusi. Ni mwanamke wa kumwingiza bibi harusi chumbani siku saba, amsugue singo ya manukato mwili mzima, amfukize udi, na siku ya nane amtoe anang'aa mpaka mwenyewe hajijui. Kila akirudi kwenye shughuli alikuwa ananiuliza: "Wamekufundisha nini jana?" Nami namwambia, na nikiwa sikuelewa naongeza chumvi. Kwa hesabu zangu za wakati ule, nilikuwa nimebakiza wiki mbili niwe waziri.

Sasa, mama mdogo alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, anaishi Kawe. Wifi huyu alikuwa na ulimi wa kuchuna papai bila kisu. Aliposikia mama mdogo anasomesha mtu mzima, alisema mbele ya kadamnasi kwenye maulidi: "Mwenzetu anamwagilia nguzo ya umeme, anasubiri ichanue." Watu walicheka mpaka sinia za ubani zikatikisika. Mama mdogo hakujibu. Kwa watu wa pwani, mpasho usiojibiwa haufi. Unawekwa mahali, unasubiri siku yake.

Siku yake ilionekana imefika nilipopata kazi kwenye kituo kidogo cha televisheni, Chang'ombe, ghorofa ya pili juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Tulikuwa na kamera mbili, moja inaona vizuri. Tukirekodi kipindi inabidi mtu ashuke awaombe mafundi wasitishe kuchomelea, nao husitisha kwa sharti la kusalimiwa hewani. Kazi yangu ilikuwa kuandaa maelezo ya vipindi na kuyatuma kwa kampuni ya king'amuzi, wao wayaweke kwenye ile orodha inayokuja ukibonyeza rimoti.

Nieleze kidogo habari ya orodha hiyo, maana ndiyo iliyonivua nguo. Watu wengi wanadhani kituo kikishakuwa na kamera na mtangazaji mwenye tai, basi kinaonekana. Hata mie nilidhani hivyo. Kumbe kurusha picha ni jambo moja, na mtu kukupata ni jambo lingine kabisa. Kila kipande cha ile orodha kina kodi yake. Kuwemo tu, unalipia. Kuwemo juu, karibu na vituo vikubwa, pale ambapo kidole cha mtazamaji hakijachoka, unalipia zaidi. Ukitaka jina la kipindi liandikwe na maelezo yake, hayo nayo yana bei yake. Na ukibadilisha kipindi baada ya kuwatumia ratiba, unalipia kubadilisha.

Bosi wetu, mwalimu wa kwaya mstaafu kutoka bara, alinieleza yote haya siku yangu ya kwanza. "Kijana," alisema, "sisi pale mia mbili kumi na nne ni wapangaji." Mie nikasikia mia mbili kumi na nne. Neno la wapangaji likapita sikio hili likatokea lile.

Nikaivaa namba ile kama kofia ya harusi. Nikiulizwa nafanya kazi wapi, naanza na namba, jina la kituo linafuata kama kiti cha nyuma. Kigamboni nilimwambia mama mdogo, tukiwa barazani anachagua maua ya asumini:

"Mamdogo, tunataka kurekodi kipindi cha urembo wa maharusi. Njoo wewe na kikundi chako chote cha shughuli."

Akaacha maua. "Kwa hiyo mtu wa Kigoma akibonyeza hiyo namba, ananiona?"

"Kigoma nini, mamdogo! Mpaka migebuka ya ziwani itatoa kichwa ikutazame."

"Na mtu wa Kawe?"

"Na wa Kawe."

"Basi," akasema, akarudi kwenye maua yake.

Wazo la kanga lilikuwa lake. Kikundi cha wanawake hakiendi popote bila sare, na sare isiyo na maneno ni shuka. Wakatunga maneno usiku na mchana, wakagombana, wakapatana. Wachapaji wa kanga hawakubali oda ndogo, kwa hiyo zilichapwa nyingi kuliko wanawake wenyewe, za ziada zikaenda kuuzwa masokoni. Ndiyo maana mpaka leo sina mtaa wa kukimbilia. Mchapaji, mtu mwenye busara zake, aliuliza: "Hii namba haiwezi kubadilika? Niweke maneno tu?" Nilimcheka. Nilimwambia namba ya chaneli ni kama kiwanja chenye hati, mjukuu wako ataikuta palepale.

Walikuja Chang'ombe kurekodi, wamepanda zile ngazi za karakana na kanga zao za chungwa, mafundi chini wakazima mashine bila kuombwa. Mama mdogo alifundisha singo mbele ya kamera kama aliyezaliwa humo. Mwisho kikundi kikaimba na kucheza. Bosi alisimama nyuma anahesabu mapigo kwa kidole, akaniambia: "Hawa hawajafundishwa, hawa wameumbwa." Nikaandika maelezo ya kipindi kwa ajili ya orodha, maneno ambayo yangeweza kumwingiza mama mdogo ikulu. Nikayatuma.

Jumamosi ya kurushwa, mama mdogo alitoa televisheni nje, akaiweka juu ya meza ya kushonea, imegeukia uwani. Turubai juu, mikeka chini, jirani ameleta king'amuzi chake ambacho kifurushi hakijaisha. Wanawake walijaa, wote chungwa tupu, ungedhani mchungwa umepasuka. Na katikati yao, kwenye kiti pekee chenye mto, wifi wa Kawe, amevaa baibui lake jeusi. Alikuwa amealikwa mara tatu na kutumiwa mtu wa kumleta.

Nikamsogelea. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu wa televisheni." Akanitazama tai. "Umependeza. Nguzo imeanza kuchanua."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa adabu. Mama mdogo alikuwa anagawa kahawa, hakugeuka. Baada ya swala ya alasiri akaifuta rimoti kwa ncha ya kanga yake, akanipa mie kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. "Bonyeza, baba."

Nikabonyeza. Mbili. Moja. Nne.

Akatokea Mzungu mwenye kifua wazi, amefungwa mkanda mweusi tumboni, na huo mkanda unatetemeka. Pembeni yake Mzungu mwingine, mwanamke, ameshika suruali kubwa ya zamani anaonyesha tumbo lilivyokuwa kabla. Mkanda wa kupunguza kitambi, unauzwa, saa ishirini na nne, kwa lugha ambayo hata shule ya mchana haiifundishi.

Sauti moja ikatoka nyuma: "Ndo bwana harusi huyo?"

"Subirini, ni tangazo," nikasema. Tukasubiri. Yule Mzungu akageuka ubavu. Akageuka na wa pili. Mkanda ukaendelea kutetemeka.

"Tangazo refu," akasema wifi wa Kawe.

Nikabonyeza tena, polepole, labda vidole vimekosea. Mzungu yuleyule. Nikampigia bosi, simu ikiwa karibu na mdomo wangu kuliko meno.

"Tupo hewani!" bosi akasema kwa furaha. "Picha safi kabisa!"

"Hewani wapi, mwalimu?"

"Palepale."

"Palepale pana mikanda."

Sie studioni tunajitazama kwa waya, moja kwa moja, hatupiti angani. Tungeweza kuhamishiwa mwezini tusijue. Mie king'amuzi changu cha nyumbani kifurushi kilikuwa kimekwisha tangu mfungo. Hatimaye bosi akashusha pumzi. "Basi wamefanya kweli. Walisema kodi ya pale juu imepanda, tukishindwa watampa mwingine. Nilidhani wananitisha tu, kama mwenye nyumba."

"Na sie wametuweka wapi?"

"Huko nyuma. Tafuteni nyuma."

Nilisimama mbele ya wanawake wale nikiwa na simu mkononi, jasho linanitiririka la kutosha kumwagilia mchicha wa bonde zima la Msimbazi. Ningeweza kusema umeme. Ningeweza kusema mawingu. Lakini mama mdogo alikuwa ananitazama, birika la kahawa mkononi, hajui kama amimine au aweke chini. Nikasema kweli. Nikasema namba ile haikuwa yetu, tulikuwa tumepanga, kodi imepanda, tumehamishwa. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nikataja orodha, nikataja nafasi, nikataja malipo ya maelezo.

"Kumbe televisheni nayo ina mwenye nyumba," mama mmoja akasema.

"Tena wa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo," akadakia mwingine.

"Sasa sie tumetolewa vyombo nje na kanga tumeshavaa?"

Wakacheka, na walicheka kwa wema, wamezoea kuhamishwa, hakuna aliyekuwa pale ambaye hajawahi kubeba godoro asubuhi. Ule wema ndio ulionichoma. Ningetukanwa ningepona siku hiyohiyo.

Jirani mwenye king'amuzi akachukua rimoti, tukaanza safari ya huko nyuma. Kwa kuwa bosi alikuwa ameshindwa pia kodi ya maelezo, kwenye orodha hatukuwa na hata jina, na chaneli za huko zote zimeandikwa hivyohivyo: Hakuna taarifa. Ikabidi zifunguliwe moja moja. Tukapita wahubiri wa nchi kumi. Tukapita watu weupe wanarushiana kijimpira siku nzima bila kukiangusha. Tukapita giza lenye muziki. Tukapita mnada wa farasi.

"Rudisha, huyo farasi mzuri."

"Usirudishe! Kipindi kinaisha!"

"Hapo hapo! Aa, huyo si yeye, huyo Mhindi."

Na wifi wa Kawe ametulia juu ya mto wake, anakunywa kahawa kikombe baada ya kikombe, anatazama kila chaneli kwa makini kama aliyelipa kiingilio.

Tulipojipata, ilikuwa namba ya huko ambako hata kidole cha mgonjwa wa usingizi hakifiki. Kipindi kilikuwa kimefika mwisho kabisa. Mama mdogo alikuwa anacheza, ameipa kamera mgongo, anaondoka. Kamera ile inayoona vizuri ikasogea, ikasogea, mpaka kioo chote kikawa kanga, na maandishi yakasomeka hata kwa asiyejua kusoma: MWENYE WIVU ATUTAZAME CHANELI 214. Kisha ikaja picha ya kituo na sauti ya bosi inasema, usibanduke.

Tulikuwa tumewatangazia watu wa mikanda, nchi nzima, bure.

Wifi wa Kawe akaweka kikombe chini. Akamwambia mama mdogo, taratibu, kwa sauti ya asali: "Wifi, nimekuona. Mgongo wako haujambo." Kisha: "Na mie nipatie kanga moja. Nimezipenda."

Mama mdogo aliingia ndani akamletea doti nzima, imekunjwa, imefukizwa udi. Alimpa kwa mikono miwili, kama alivyonipa mie rimoti.

Jumamosi iliyofuata nilivuka na pantoni, nimebeba kipindi chote kwenye flashi. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Magogoni. Mama mdogo alikuwa anaanika liwa, ile miti ya manukato ya kupaka maharusi. Hakuipokea flashi.

"Ya nini, baba? Kujiona mwenyewe ninaweza kwenye kioo. Mie nilitaka nionwe."

Nikairudisha flashi mfukoni. Nikaketi nikamsaidia kutwanga ile iliyokauka, na kila mchi ukishuka nasikia: ni-o-nwe, ni-o-nwe.

Wifi wa Kawe alifanya nilichojua atafanya. Akaivaa kanga ile kila mahali. Kawe sokoni, msibani Msasani, kwenye hitima, kwenye arobaini za watoto. Akiulizwa chaneli mia mbili kumi na nne kuna nini, anajibu: "Tazameni wenyewe mtaona kazi ya wifi yangu." Watu wanatazama. Wanaona mkanda. Habari ilivuka maji ikafika Kigamboni kabla ya pantoni, na kikundi cha mama mdogo kikaanza kuitwa Kikundi cha Vitambi. Wanawake wakaziweka kanga zao chini ya masanduku. Mama mdogo alikaa karibu msimu mzima wa harusi bila kuitwa kupamba upande wa Kawe. Mie nikapunguza kwenda kwake. Nikawa nasema kazi nyingi, na kazi yenyewe ilikuwa kutuma maelezo ya vipindi ambayo hayaandikwi popote.

Kisha ikaja harusi ya ukoo wa mume wa mama mdogo, Temeke, ambayo hakuna wa kuikwepa. Nilifika mchana, nikajificha nyuma ya spika. Wifi wa Kawe aliingia, amejifunga kanga ya chungwa, doti kamili, moja kiunoni moja mabegani, anatembea polepole ili kila mtu apate nafasi ya kusoma. Vicheko vikaanza kwenye mikeka ya mbali vikija karibu.

Mama mdogo alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, kwenye sufuria za pilau. Alitoka, akatazama. Akarudi ndani, nikasema basi, amekimbia, na mie ndiye niliyemkimbiza. Alipotoka tena alikuwa amejifunga kanga yake ya chungwa. Nyuma yake akatoka wa pili, chungwa. Wa tatu, chungwa. Kikundi kizima, kumbe walikuja nazo kwenye mikoba. Wakampita kila mtu mpaka mbele ya wifi, na mama mdogo akamnyooshea mwiko, ule mrefu wa pilau la shughuli.

"Karibu, mwenzetu," akasema, sauti ya kufika mpaka barabarani. "Nilikuwa nasema kikundi chetu kimepungukiwa mtu wa sufuria kubwa. Umevaa sare, haya, jikoni."

Nyie wa pwani mnajua, na wasio wa pwani niwaambie: sare ya kikundi haivaliwi kwa mzaha. Mwenye sare yuko kazini. Anapika, anagawa, anaosha, na shughuli ya mwenzake ikifika hana udhuru. Wifi alitazama mwiko. Akatazama watu. Wazee wa kike kwenye mikeka walikuwa wameshageuza shingo, wanasubiri, na mmoja akasema, "Si umevaa mwenyewe, bibi wee?"

Akapokea mwiko.

Vigelegele vilivyopigwa vingeweza kuhamisha satelaiti. Wifi alikoroga pilau mpaka jasho likalowesha namba yote, na nikiri kwamba anajua kukoroga. Mwisho alikuwa anawaamrisha wenzake, na wenzake wanacheka, na mama mdogo anacheka nao.

Mie nikajitokeza nyuma ya spika, nikidhani na mambo yangu yameisha. Wifi akaniona.

"We msomi! Njoo ubebe sufuria hii." Nikaja. Akanishikisha mkono wa sufuria, kisha kwa sauti ya kuwapa nafasi wote wasikie: "Eti, siku hizi pale kwenu mia mbili kumi na nne wanaonyesha nini?"

Miiko jikoni ikasimama, wote wananisubiri.

"Mikanda, shangazi."

"Bado tu?"

"Bado."

"Angalau mikanda inalipa kodi," akasema mama mdogo. Na safari hii alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, mpaka akashikilia ukuta.

Nilifurahi kumwona anacheka hivyo. Nilinyanyua sufuria, nikapita katikati ya mikeka, macho chini, maana kila upande niliogeukia kulikuwa na chungwa, na kila chungwa lilikuwa na namba.